Siku Bibi Alipotoka Mchana

Sogea, mwenzangu, ukunjue miguu hapa mkekani. Nina jambo la kukueleza, na nitalieleza polepole, kwa sababu limefungamana na mila ambazo huenda hukuzikuta. Ukifika mahali ukaona hukuelewa, rudi nyuma usome tena, hakuna anayekukimbiza.

Juzi nilipelekwa Ganjoni kumtazama mjukuu wangu aliyejifungua. Anakaa ghorofani, ngazi nyingi kwa magoti yangu. Nilimkuta mtoto akilia, maziwa ya mama yake hayajashuka vizuri, na jirani wa ghorofa ya chini, naye mzazi, amepanda kujitolea kumnyonyesha. Mume wa mjukuu wangu akanivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyanya, hilo halina neno?" Nikamwambia halina neno hata kidogo, ila ajue kwamba mtoto wake akizoea kushiba kifuani kwa yule jirani, basi ana mama wawili. Watoto wa yule mwanamke watakuwa ndugu zake, hawezi kuoana nao, na atakapokuwa mtu mzima yule mama hatajifunika mbele yake, kama vile mama hajifuniki mbele ya mwanawe. Hiyo ndiyo sheria ya dini yetu juu ya maziwa. Kijana akatoa macho. "Kwa maziwa tu?" akasema. Nikamjibu, "Kwa maziwa tu."

Kisha nikatazama nje ya dirisha, nikaona mapaa na kamba za nguo, nikakumbuka kwamba sehemu zile zilikuwa minazi na mihogo nilipokuwa mtoto, na kwamba mahali fulani hapo chini palisimama kibanda cha makuti ambacho mimi nilikifikia kwa miguu, nikiwa nimeshika mti wa shiraa, ambayo nitakueleza ni nini. Tangu siku hiyo sijaacha kumfikiria Bibi.

Bibi ni mama wa baba yangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado sijatambaa, na baba alikuwa Pemba na biashara yake, akija kututazama akipata nafasi. Kwa hiyo nililelewa na Bibi katika nyumba ya mawe Kibokoni, pamoja na ami yangu, yaani mdogo wake baba, aliyekuwa karani forodhani. Nyumba ilikuwa na daka mbele, ambapo wanaume walikaa wakizungumza, na ua nyuma, ambapo maisha yenyewe yalikuwako. Uani kulikuwa na kisima, jiko la mafiga, mbuzi ya kukunia nazi na mwarobaini mmoja uliotupa majani yake ndani ya kila kitu tulichokipika.

Asubuhi zetu zilianza na sauti yake. Akishamaliza sala ya alfajiri hakurudi kulala. Alikaa juu ya mswala na tasbihi yake, akinong'ona, na mnong'ono ule ulinifikia kitandani kama maji yanayochemka mbali. Baadaye ungesikia ufagio, kisha ndoo ikigonga ukingo wa kisima, kisha muuza kahawa akipita nje akigonganisha vikombe vyake. Mimi kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kutunga asumini. Yeye alichambua mchele kwenye uteo, na huku akichambua aliwasomesha watoto wa kike wa mtaa, ambao walikaa wamemzunguka na juzuu zao. Hakuhitaji kutazama kitabu. Ukikosea herufi, mkono wake ulisimama juu ya mchele, nawe ungejua.

Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, vishimo vidogo vidogo tangu kipaji hadi kidevu. Mimi kwa utoto wangu nilidhani nyuso za bibi wote ndivyo zilivyo, na nilipomwona bibi wa rafiki yangu mwenye uso laini nilimhurumia. Acha nikueleze, maana wewe ndui hukuiona na inshallah hutaiona. Ulikuwa ugonjwa wa homa na malengelenge mwili mzima, ukiingia mtaa mmoja unahesabu nyumba. Lakini aliyeugua akapona, haukumrudia tena maisha yake yote. Ndiyo sababu wagonjwa wa ndui waliuguzwa na watu wenye makovu. Bibi aliyatazama makovu yake kwa namna hiyo. Alikuwa akisema, "Mola aliponiacha hai hakuniacha bure. Alinipa kazi na akanitia alama, nisije nikasingizia sikuambiwa."

Basi mgonjwa akizuka mtaani, wa ndui au wa homa tu, aliitwa Bibi. Alikwenda na kikapu chake: mchele wa uji, tui kwenye kibuyu, majani ya mwarobaini ya kuogeshea, na sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani ili ioshwe, na mgonjwa anywe maji yale, yaani kombe. Hakuwa mtu wa kuipinga dawa ya hospitali. Daktari wa serikali alipokuja kuchanja watu wa forodhani, Ami alichanjwa, na Bibi akamwamuru anichukue na mimi. Wanawake wa mtaa walishangaa. Akawaambia, "Dawa haina ukoo. Anayeileta ni mja, anayeponya ni Mwenyewe." Alama ile ninayo hapa mkononi mpaka leo.

Sasa hapa nitulie kidogo, kwa sababu kuna jambo la lazima ulielewe. Ukiniuliza Bibi aliufikiaje mlango wa mgonjwa, nitakuambia: kwa nyua. Nyumba zetu zilishikana migongo, na kila ua ulikuwa na kijilango cha kutokea kwa jirani. Bibi aliujua mji wote kwa nyuma, majiko yake na visima vyake, lakini njia za mbele hakuzijua. Mwanamke wa nyumba kama yetu hakuonekana njiani mchana. Akilazimika, alitoka ndani ya shiraa. Shiraa ni kitambaa kipana, kizito, kilichofungwa kwenye miti minne na kushuka pande zote mpaka karibu na ardhi. Watu wanne hushika miti, mmoja kila pembe, na bibi mwenyewe hutembea katikati, asionekane hata kisigino. Ni kama chumba kinachotembea.

Na walioshika miti ile walikuwa watumwa wa nyumbani. Sitalipamba hilo. Sitara ya mabibi wa mjini ilichukuliwa kwa mikono ya wanawake ambao wao wenyewe jua liliwapiga usoni na hakuna aliyeuliza kama wanataka kuonekana. Nikiwa mtoto mdogo niliona ni jambo la kawaida kama mvua. Kisha serikali ikatangaza kwamba katika pwani yote hakuna tena mtumwa, na mmoja mmoja wakaondoka. Shiraa yetu ikakunjwa ikatundikwa kwenye boriti, ikala vumbi.

Miongoni mwa walioondoka alikuwamo Yaya. Sote tulimwita hivyo. Aliletwa kutoka bara akiwa msichana mdogo, wala hakulikumbuka vizuri jina la mto wa kwao. Ami alipozaliwa, Bibi alipatwa na ndui, ndiyo hiyo iliyomwachia makovu. Mtoto akatolewa chumbani upesi. Yaya alikuwa ametoka kumzika mtoto wake mwenyewe, aliyekufa kwa homa, na maziwa yalikuwa bado yanamuuma kifuani. Akapewa Ami. Hakuulizwa; alipewa. Akamnyonyesha mpaka akatembea, akambeba mgongoni, akamfundisha kupiga mluzi. Umeelewa sasa kwa nini nilianza na habari ya maziwa. Yule mwanamke, ambaye katika nyumba yetu alikuwa mtumwa, kwa sheria ya Mungu alikuwa mama wa mtoto wa nyumba hiyo. Mambo yote mawili yalikaa chini ya paa moja miaka mingi na watu wakala, wakalala.

Yaya alipopewa ruhusa ya serikali alikunja mkeka wake, akambusu Bibi mkono, akaenda Ganjoni kulima mihogo. Ami alikuwa kazini. Aliporudi akaambiwa, akala chakula chake. Lakini tangu siku ile jina la Yaya halikutajwa mezani kwake, na mtu akilitaja, alinyanyuka kwenda kunawa mikono.

Siku ninayotaka kukuhadithia ilianza kwa mwanamke muuza mihogo. Alipiga hodi kwenye kijilango cha uani, akatua kikapu, na kabla hata ya kutaja bei akasema, "Bibi, yule yaya wenu yuwaumwa. Ni ndui. Watu wamemwekea mtungi wa maji mlangoni wakakimbia. Hata wa kumgeuza hana."

Bibi alikuwa na uteo mapajani. Aliuweka chini taratibu, akasema "La haula," akainuka. Akaanza kutia mchele kikapuni, na nilijua maana yake. Ila safari hii hapakuwa na ua wa kupitia. Ganjoni ilikuwa nje kabisa ya mji, kupita Ngome, kupita uwanja, hadi kwenye mashamba.

Ami akaingia wakati huohuo kuja kula cha mchana, akamkuta mama yake anaishusha shiraa kutoka kwenye boriti, na vumbi limemjaa kichwani.

"Mama, wafanyani?"

"Yaya ana ndui. N'nakwenda."

"Ngoja jua lizame. Nitatafuta watu, nitatafuta na taa."

"Kwani ndui yangoja jua lizame?"

"Na watu watasemaje? Mjane wa nyumba hii yuwatoka mchana kweupe kwenda kwa mtumwa wake!"

Bibi akaacha kupangusa vumbi. "Si mtumwa wangu," akasema. "Serikali imekwambia hivyo. Nilipaswa kukwambia mimi kabla ya serikali, na sikukwambia, na hilo nitaulizwa mbele ya Mungu. Lakini usinizidishie."

Ami akawa mwekundu. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti nyembamba, "Alituacha. Alikunja mkeka akaenda zake, hata hakungoja nirudi."

"Ah!" Bibi akamtazama, na makovu yote ya uso wake yakalainika. "Sasa ndio wasema la kweli. Mtu mzima, ndevu zimejaa kidevu, kumbe wewe bado walilia kubebwa."

Ami akatoka akaenda kukaa dakani. Chakula chake kikapoa.

Mke wa jirani alikuwa amesikia yote, kwa sababu kuta zetu zilikuwa nene lakini vijilango vyetu havikuwa na siri. Akaja mbio na buibui lake. Buibui wakati huo lilikuwa vazi geni mjini. Wanawake wachache ndio walioanza kulivaa. "Vaa hili, mwenzangu, uende zako, uache kuhangaika na miti." Bibi akalivaa. Sasa jirani alikuwa mfupi wa kimo, na Bibi alikuwa mrefu kama mlango. Buibui likamwishia kwenye miundi. Jirani akarudi nyuma, akamtazama juu na chini, akasema, "Ukitoka hivyo watakusalimu kama bendera," na wote wawili, katika haraka ile na hofu ile, wakacheka mpaka Bibi akaegemea kisima. Kisha akalivua, akamrudishia mwenyewe, akasema, "Livae wewe, ushike mti."

Hivyo ndivyo tulivyotoka. Mbele kulia jirani na buibui lake. Mbele kushoto mpishi wetu, mwanamke mwenye makovu kama Bibi, ambaye alikuwa huru kama mwingine yeyote na aliyesema wazi, "Leo nashika kwa hiari yangu, na mkono ukichoka naacha." Nyuma kulia mimi, kwa sababu nilikuwa bado mdogo, sijafika umri wa kufichwa. Na nyuma kushoto hapakuwa na mtu. Bibi mwenyewe aliushika mti huo kutoka ndani, na kikapu akakitundika kwenye mkono wa pili.

Ulikuwa msafara wa ajabu. Mimi nilikuwa mfupi, kwa hiyo pembe yangu ililala, na shiraa nzima ikaegemea upande wangu. Kila mara nilisikia sauti kutoka ndani: "Inua, mjukuu wangu, umenifunika pua." Nikiinua, nilisikia, "Ushushe kidogo, naiona miguu ya watu." Tulipopita dakani Ami aligeuza uso. Tulipokata kona kuelekea Ndia Kuu watoto wakaanza kutufuata, na wanaume waliokaa barazani wakaanza kunong'ona. Nilisikia mmoja akisema, "Shiraa imelewa leo," na mwenzake akaguna kicheko.

Tulikuwa tumeikaribia Ngome nilipohisi mzigo umekuwa mwepesi. Nikageuka. Ami alikuwa kando yangu, na kanzu yake ya kazini na kofia yake ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, ameshika mti wa nyuma kushoto. Hakunitazama. Bibi ndani aliuachia ule mti, kama mtu anayempa mtoto kijiko.

Sijui kama utaweza kuona uzito wa jambo lile. Kushika mti wa shiraa ilikuwa kazi ya mwanamke, tena ya mtumwa mwanamke. Mwanamume muungwana, karani wa forodha, hakuwahi kuonekana akifanya hivyo. Palikuwa na kundi la watu kivulini mwa ukuta, na mmoja alimjua.

"Bwana karani! Umepandishwa cheo?"

"Leo forodhani mwapakua shiraa?" akadakia mwingine.

Wakacheka. Niliona shingo ya Ami inatoka jasho. Akasimama, na sote ikabidi tusimame, kwa sababu shiraa haiendi na miti mitatu. Akawageukia akasema, si kwa ukali, "Nampeleka mama yangu kwa mama yangu. Pisheni."

Wakapisha. Mmoja, mzee kidogo, akasema, "Allah akuwafikishe," na hakuna aliyecheka tena.

Mbele kidogo tulikata reli ya vigari. Hivyo vilikuwa viti vidogo vyenye magurudumu na paa la turubai, vikisukumwa na vijana kwa mikono, vikiwapeleka Wazungu na wakubwa Kilindini. Kimoja kilikuwa kinakuja na Mzungu juu yake, na vijana walipoiona shiraa wakakanyaga breki. Mzungu akapaza sauti. Kijana mmoja akamjibu bila haraka, "Ngoja, bwana. Mama wa watu anavuka." Nilisikia Bibi ndani akicheka pumzi moja.

Kibanda cha Yaya kilikuwa safi. Nalikumbuka hilo kwanza: uwanja umefagiwa mistari mistari, ufagio umesimamishwa pembeni, ingawa mwenyewe hakuweza kusimama. Kuku walikuwa wamejikusanya chini ya mhogo. Bibi akatoka ndani ya shiraa mbele ya mlango, katika jua kali, uso wazi, na hakujali nani anamwona. Akamwambia mpishi akate majani machanga ya mgomba. Majani yale hutandikwa chini ya mgonjwa wa ndui, maana ni baridi na laini na ngozi haigandi juu yake. Kisha wakaingia wale wawili wenye makovu. Mimi, jirani na Ami tukabaki nje.

Ukuta ulikuwa wa miti na udongo. Tulisikia kila kitu.

"Mwana," Yaya akasema. Hivyo ndivyo watumwa walivyomwita bibi yao. "Mwana, mbona umekuja na jua?"

"Usiniite mwana. Niite dada, au nyamaza unywe uji."

Kijiko kikagonga bakuli. Baadaye ile sauti dhaifu ikauliza, "Na mtoto?"

"Mtoto yuko nje."

"Amekula?"

Mwenzangu, yule mtoto alikuwa na ndevu na saa ya mnyororo. Na kweli, hakuwa amekula. Nilimwona Ami akiuma mdomo wake wa chini, kisha akainama kwenye mlango ule mfupi, kofia ikagonga makuti ikaanguka, akaiacha hapohapo vumbini. Nilichungulia. Alikuwa amesimama amejikunja chini ya paa, hajui aweke wapi mikono, mpaka Bibi akasema, "Keti, unamzibia hewa." Akaketi chini kwenye udongo. Na akasema neno moja, "Mama."

Yaya akamtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba karibu kufunga. "Ulikasirika," akasema.

"Hukuningoja."

"Ningekungoja ningebaki. Wewe ndiwe ungenibakisha." Akapumzika. "Sikukuacha wewe, baba. Nilitaka tu kuamka asubuhi moja bila kuitwa na mtu."

"Na uliamka?"

"Niliamka asubuhi nyingi," Yaya akasema, na nadhani alikuwa anatabasamu. "Ni tamu."

Bibi hakurudi Kibokoni hadi mambo yalipokwisha. Alilala kule, akisali juu ya kipande cha mkeka, akimwogesha Yaya kwa maji ya mwarobaini, akimgeuza juu ya majani, akimsomea. Ami alikwenda kila siku baada ya kazi, akichukua chakula kwa mkono wake mwenyewe. Mpishi alituletea habari: leo amemeza, leo hakumeza. Tulimwombea sana, watoto wote wa chuo chetu cha Kurani, na mimi nilikuwa na hakika atapona, kwa kuwa Bibi alikuwa hajashindwa mbele yangu. Hakupona. Alifariki wakati wa alasiri, na Bibi ndiye aliyemwosha na kumvisha sanda.

Mazishi yenyewe sikuyaona, wanawake hatuendi makaburini. Alinisimulia Ami mwenyewe, miaka mingi baadaye, akiwa mzee, na alinisimulia mara moja tu. Alisema watu waliojitokeza walikuwa wachache, kwa kuuogopa ugonjwa, na jeneza lilipofikishwa, shekhe akauliza swali linaloulizwa siku zote anapozikwa mwanamke: nani mahram wake? Maana yake, nani katika wanaume hawa ni mtu wake asiyeweza kumwoa, mwana au ndugu, ashuke kaburini ampokee. Mtu mmoja akajibu kwa nia njema kabisa, "Hana mtu, shekhe. Alikuwa mtumwa, watu wake hawajulikani." Na tayari mchimba kaburi alikuwa anajifunga ashuke.

"Nikasema, mimi hapa," Ami akaniambia. "Nimenyonya kwake. Shekhe akanitazama, akasema, basi shuka, mwanangu, umpokee mama yako." Aliposhuka, watu wakashusha mwili, na Ami akaupokea mikononi. Alisema alishangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Alisema alipokuwa mdogo alidhani hakuna mtu mzito wala mpana kama Yaya, maana mgongo wake ndio ulikuwa dunia.

Jioni ile alirudi na udongo kwenye kanzu, magotini na kifuani. Bibi naye alikuwa amesharudi, amechoka, amekaa ukingoni mwa kisima. Alimtazama mwanawe, akautazama ule udongo, akanyoosha mkono. "Lete niifue mwenyewe," akasema. Akaifua palepale, bila kuimba wala kulia, akiisugua polepole kama mtu asiyetaka itakate upesi.

Baada ya hapo alishona buibui lake, refu la kumfika, na alilivaa mpaka mwisho wa maisha yake. Akaanza kuujua mji kwa njia zake za mbele. Kila alipokwenda kumtazama mgonjwa mimi nilikuwa kando yake, na alikuwa akisimama kila kona, akishangaa duka au mlango wa nyumba aliyoijua kwa uani tu, akiniambia, "Kumbe huku ndiko huku!" Aliendelea na kikapu chake hadi miguu ilipokataa. Alipougua yeye, wanawake walijaa nyumbani, walioosha, waliopika, waliosoma, na wengine walikuwa wa Makupa na Ganjoni, watu ambao zamani wasingevuka sebule yetu.

Yote hayo yamekwenda. Kibokoni vijilango vya nyua vimezibwa kwa matofali. Mtu ana jirani miaka na hajui ana kisima. Ndui sasa watu wanaisikia kwa mbali tu. Shiraa, ukiwaeleza wasichana wa leo, wanadhani unawatania, na mimi siwalaumu, wala sitaki irudi. Lakini kaburi la Yaya silijui liko wapi, na hilo linaniuma. Aliyelijua alikuwa Ami, naye amelala katika makaburi hayohayo, kwa maana ndivyo alivyousia. Watoto wake wakimwuliza habari za ukoo, aliwatajia mama wawili, mmoja wa mji huu na mmoja wa mto ambao jina lake lilipotea.

Basi, mwenzangu, fanya hivi. Ikiwa yuko mtu aliyekulisha kabla hujajua kusema ahsante, awe aliyekuzaa au hakukuzaa, na bado yu hai, nenda kwake leo kabla jua halijazama. Ukifika usisimame mlangoni. Ingia, keti chini, umwite mama, na umwache akuulize kama umekula.